Rangi Inayotii Umeme: Polima, Madirisha na Jua la Ikweta

 

Mhadhara huu una kusudi moja. Zipo plastiki zinazopitisha umeme, na zikipewa umeme kidogo tu hubadili rangi. Kazi ya kuzipatia rangi imekwishafanyika kwa sehemu kubwa. Iliyobaki ni kuzifanya zidumu juani na zipatikane kwa bei inayobebeka, na hiyo ni kazi ambayo nchi za joto zina kila sababu ya kuishika. Hoja ni tano, na hazitalingana urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

1. Rangi na umeme vina chanzo kimoja

Plastiki ya kawaida, ile ya ndoo na mabomba, haipitishi umeme. Ndiyo maana nyaya huvikwa plastiki. Elektroni zake zimebanwa kila moja mahali pake kati ya atomi mbili. Lakini kuna polima ambazo vifungo vya kaboni zake vimepangwa kwa zamu: kifungo kimoja, kifungo maradufu, kimoja, maradufu, hivyo hivyo hadi mwisho wa mnyororo. Katika mpangilio huo baadhi ya elektroni hazimilikiwi na atomi yoyote. Zimesambaa katika mnyororo.

Kusambaa peke yake hakutoshi. Mnyororo ukiwa na elektroni zake zote hakuna inayosogea, kama vile ndani ya daladala iliyojaa hadi mlangoni: abiria hawezi kupiga hatua mpaka mmoja ashuke. Akishuka, wa nyuma yake husogea, na wa nyuma zaidi naye husogea, mpaka nafasi ile iliyoachwa mlangoni ifike kiti cha mwisho. Kuunyang'anya mnyororo elektroni chache, tendo ambalo wanakemia huliita oksidisho, ndiko kumshusha abiria yule. Polima iliyokuwa kihami huanza kupitisha umeme.

Elektroni hizo hizo ndizo zinazomeza mwanga. Kila polima ya aina hii ina pengo la nishati, yaani kiasi ambacho elektroni lazima ipewe ili ipande ngazi ya juu. Mwanga wenye nishati ya kutosha kulivuka pengo hilo humezwa, na unaobaki ndio unaoonekana kwa jicho kama rangi. Sasa elektroni chache zikiondolewa, ngazi mpya huzaliwa katikati ya pengo, na polima huanza kumeza mwanga wenye nishati ndogo zaidi, ambao kwa sehemu kubwa ni wa infraredi, usioonekana. Rangi hufifia au hugeuka nyingine. Elektroni zikirudishwa, rangi ya kwanza nayo hurudi.

Tukio hili lilionekana zamani. Mwaka 1862, jijini London, daktari na mkemia Henry Letheby alipitisha umeme katika anilini iliyochanganywa na asidi ya salfuriki, akaona utando wa buluu iliyoelekea kijani ukijijenga juu ya platinamu. Aliona pia kwamba rangi yake hugeuka. Sababu asingeweza kuijua, maana elektroni yenyewe ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, miaka 35 baadaye.

Utando ule leo unaitwa polianilini, na jaribio la Letheby linaweza kurudiwa katika maabara yoyote ya chuo iliyo na kabati la kufyonza hewa chafu, kwa kuwa anilini ni sumu na haichezewi. Kipande cha kioo chenye mpako unaopitisha umeme huzamishwa katika bika ya asidi iliyotiwa anilini. Volti hupandishwa na kushushwa taratibu, na kioo huanza kuota ngozi nyembamba ya kijani. Ngozi hiyo ikisuuzwa na kuwekwa kwenye asidi isiyo na anilini, mtu hukaa na kutazama: volti ikiwa chini kabisa, kioo kina njano hafifu, karibu kiwe cheupe. Ikipanda, kijani hutokea. Ikiendelea kupanda, buluu, na mwishoni zambarau iliyokolea. Safari yote hiyo hutumia takriban volti 1, ambayo betri ya saa ya ukutani inaitosheleza. Walimu wa sekondari waliomo ukumbini wataona hapa somo zima la oksidisho likisomeka kwa macho, bila jedwali.

Ilichukua zaidi ya karne moja watu kuelewa kwamba kinachobadilika rangi ndicho kinachopitisha umeme. Mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa jijini Tokyo, mtafiti mgeni aliyekuwa akitengeneza poliasetilini alitia kichocheo mara 1,000 zaidi ya kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa, aliuchunguza. Mwaka 1975 alikutana Tokyo na Alan MacDiarmid, ambaye alimwalika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na huko wakashirikiana na mwanafizikia Alan Heeger. Utando ulipokutanishwa na bromini, uwezo wake wa kupitisha umeme uliruka mara milioni kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977, na mwaka 2000 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mkemia, mwanafizikia na bahati. Lakini bahati ile ilimkuta mtu aliyekuwa tayari kuitazama kwa makini.

2. Kuzipata rangi si tatizo tena

Poliasetilini iliyoleta Nobel haikufika sokoni, kwa sababu hewa huiharibu. Iache nje na oksijeni itakata vile vifungo vya zamu kimoja baada ya kingine. Hilo liliwasukuma wanakemia kutafuta minyororo migumu zaidi, iliyojengwa kwa vipete vidogo vyenye nitrojeni au salfa ndani yake: polipiroli, politiofeni na jamaa zao.

Aliyefanikiwa kuliko wote katika ukoo huo anaitwa PEDOT. Aligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara za kampuni ya Bayer nchini Ujerumani. Ni politiofeni yenye atomi mbili za oksijeni zilizoshikizwa pembeni mwa kila kipete. Oksijeni hizo hufanya kazi mbili. Kwanza, huziba mahali ambapo mnyororo ungeweza kujifunga vibaya, kwa hiyo hukua ukiwa umenyooka. Pili, huufanya ukubali kuachia elektroni kwa urahisi, hivyo hali yake ya oksidisho hutulia hata ikikaa hewani. PEDOT mwenye elektroni zake zote ni buluu iliyokoza. Akinyang'anywa chache, huwa samawati hafifu ambayo jicho hupenya bila shida.

Peke yake PEDOT hayeyuki katika kitu chochote. Akiunganishwa na polima nyingine yenye asidi, PSS, husambaa majini na kuwa kimiminika cha buluu nzito kama wino. Kimiminika hicho kilipata kazi ya kwanza mbali kabisa na madirisha: kampuni ya Agfa ilikipaka kwenye filamu za picha ili kuzuia cheche za umeme tuli zisiziharibu. Wasikilizaji waliowahi kutumia kamera za filamu katika miaka ya 1990 huenda walishika polima hii mikononi bila kuijua.

Nyekundu na buluu zilipatikana mapema. Kijani kilisumbua sana. Ili kitu kionekane chekundu au cha buluu inatosha kimeze eneo moja la mwanga, lakini kijani hudai kumeza maeneo mawili kwa pamoja, la buluu na la nyekundu, na kuacha njia katikati. Tena maeneo yote mawili lazima yafunguke kwa mpigo mmoja wa volti, la sivyo kioo hakitakuwa cheupe kamwe. Ufumbuzi ulikuja kwa kujenga mnyororo wenye sehemu zinazotoa elektroni na sehemu zinazozivuta, kwa kupishana. Mwaka 2004 kikundi cha Fred Wudl huko Los Angeles kilichapisha polima ya kijani na kukamilisha seti ya nyekundu, kijani na buluu. Mwaka 2007 kikundi cha Levent Toppare katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mashariki ya Kati, jijini Ankara, kikatoa kijani kinachofunguka kuwa samawati hafifu zaidi. Mwaka uliofuata, maabara ya John Reynolds, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Florida, ikachapisha polima nyeusi inayogeuka kuwa angavu. Nyeusi ndiyo rangi ambayo wasanifu majengo huiulizia kabla ya nyingine zote, kwa sababu hupunguza mwanga bila kuvipaka rangi vitu vilivyomo chumbani.

Ankara itajwe kwa sauti katika ukumbi huu. Kazi ile haikudai mtambo wa mabilioni. Ilidai mwanakemia hodari, vyombo vya glasi, kifaa cha kudhibiti volti, kipima mwanga, na miaka ya kufundisha wanafunzi.

3. Dirisha ni betri nyembamba

Anayelitazama dirisha linalobadili rangi hudhani ni kioo kimoja. Ukilikata ubavuni ni tabaka juu ya tabaka. Nje kabisa kuna vioo viwili. Kila kimoja kimepakwa upande wa ndani oksidi ya indiamu na bati, mpako unaopitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Juu ya mpako mmoja hukaa polima ya rangi, nyembamba mno, sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita. Juu ya mpako wa pili hukaa tabaka la kuhifadhi ioni. Katikati kuna jeli yenye chumvi, elektroliti. Volti ikiwekwa, elektroni huondoka kwenye polima kwa kupitia waya, na ioni husafiri ndani ya jeli ili kusawazisha chaji. Volti ikigeuzwa, safari hugeuka. Muundo ni ule ule wa betri inayochajiwa. Tofauti ni kwamba chaji yake inaonekana.

Kwa sababu hiyo dirisha la namna hii hutumia umeme linapobadilika tu. Likishabadilika hukaa hivyo kwa muda, na umeme kidogo wa kulikumbusha unatosha. Volti 1 au 2 zinafanya kazi yote.

Ukubwa una adhabu yake. Kipande cha sentimita chache hubadilika kwa sekunde moja au pungufu. Kioo cha mita nzima huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu umeme huingia kutoka kwenye kingo na mpako wa oksidi huupinga njiani: kingo hukolea kwanza, katikati hufuata polepole, na kwa dakika kadhaa mtu huona doa jeupe likijifunga taratibu. Wahandisi wanajaribu kuupunguza upinzani huo kwa nyuzi nyembamba za fedha, au kwa PEDOT mwenyewe akitumika kama mpako. Kuna sababu nyingine ya kutafuta mbadala: indiamu ni adimu, na hupatikana hasa kama zao la ziada katika uchenjuaji wa zinki.

Wengi wenu mmeshakaa kando ya dirisha la ukoo huu. Boeing 787 haina vifuniko vya kuteremsha dirishani. Chini ya kila dirisha kuna kitufe, abiria akikibonyeza kioo hukolea buluu polepole huku mawingu yakiendelea kuonekana. Ethiopian Airlines ilipokea ndege hiyo mwaka 2012, Kenya Airways mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018. Isemwe wazi, ili asiondoke mtu na picha isiyo sahihi: ndani ya dirisha la ndege hiyo hamna polima inayopitisha umeme. Kinachobadili rangi ni molekuli ndogo za kaboni ndani ya jeli, teknolojia iliyokomaa kwanza katika vioo vya gari vya kutazamia nyuma. Madirisha mengi ya majengo yaliyokwisha kuuzwa nayo hutumia dutu nyingine, oksidi ya tangsteni, ambayo S. K. Deb aliielezea mwaka 1969 na ambayo Claes-Göran Granqvist na wenzake nchini Sweden waliikuza katikati ya miaka ya 1980 walipoanza kuzungumzia madirisha erevu.

Kwa nini basi kujisumbua na polima? Sababu ni namna ya kutengeneza. Oksidi ya tangsteni hupakwa kwa kawaida ndani ya mitambo mikubwa iliyoondolewa hewa, na mitambo hiyo ni ghali. Polima inayoyeyuka hupuliziwa, hupakwa au huchapishwa kama wino katika joto la kawaida, hata juu ya karatasi ya plastiki inayokunjika, na karatasi hiyo ikabandikwa juu ya kioo kilichopo tayari. Kwa jengo lililokwisha kusimama, tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa jua letu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo. Saa sita mchana jua huwa juu sana, na paa lililochomoza kidogo hulizuia. Taabu iko mashariki na magharibi. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi na moja jioni huja chini, likapita chini ya kila kibaraza na kuingia hadi ukuta wa pili wa ofisi. Waliojenga kwa matumbawe na chokaa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walilijibu jua hilo kwa kuta nene, madirisha madogo na njia nyembamba zinazotiana kivuli. Jengo refu la vioo pande zote limeyaacha majibu hayo na kuukabidhi mzigo wote kwa kiyoyozi. Pazia la ndani halisaidii sana, kwani huzuia mwanga baada ya joto kuwa limekwisha kuingia. Kioo cha giza la kudumu nacho huwalazimisha wafanyakazi kuwasha taa mchana kweupe.

Dirisha linalobadilika linafaa hapo: giza upande wa mashariki asubuhi, likafunguka mchana, giza likahamia magharibi jioni. Hata hivyo wasanifu majengo walioketi mstari wa mbele wana haki ya kuudai ukweli wote. Karibu nusu ya nishati ya jua huja kama infraredi. Polima ikiwa na rangi humeza mwanga unaoonekana. Ikifunguka, huanza kumeza infraredi. Kwa maneno mengine, hata katika hali yake nyeupe inanyonya sehemu ya joto, jambo jema kwetu. Lakini kilichonyonywa hakipotei. Kioo chenyewe hupata moto, na kikiwa kimoja tu kitaurudisha moto huo chumbani. Lazima polima ikae kwenye kioo cha nje cha dirisha la vioo viwili, kukiwa na hewa katikati na mpako wa kurudisha joto kwenye kioo cha ndani. Anayeuza karatasi ya kubandika kwa ahadi ya kupunguza joto bila kueleza hilo hajamtendea haki mnunuzi.

Na lisemwe hili pia: kibaraza, mti na dirisha linalotazama kaskazini au kusini havihitaji volti hata moja. Teknolojia hii ianze pale ambapo hivyo vimeshindikana.

4. Skrini za kusomeka juani

Hoja hii ni fupi. Skrini ya simu hutoa mwanga wake yenyewe, na nje mchana hushindana na jua. Polima zinazobadili rangi hazitoi mwanga. Hutumia ule unaozipiga, kama karatasi iliyochapishwa. Jua likiwa kali zaidi, husomeka vizuri zaidi.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping nchini Sweden, akiwemo Magnus Berggren, walichapisha matokeo ya skrini ndogo zilizopigwa chapa juu ya karatasi, ambamo PEDOT alifanya kazi mbili: swichi na nukta ya rangi. Leo kuna makampuni, kwa mfano Ynvisible iliyoanzia Ureno, yanayochapa vionyeshi vya namna hiyo juu ya plastiki.

Video hazichezi humo. Rangi hubadilika kwa kasi ya ioni zinazopenya ndani ya polima, na ioni ni nzito. Vionyeshi hivi vinafaa kwa taarifa isiyobadilika mara kwa mara: bei ya bidhaa rafuni, salio la kadi, alama kwenye kasha la chanjo inayogeuka rangi sanduku likipata joto kupita kiasi. Matumizi hayo ya mwisho yanastahili kupewa kipaumbele na yeyote anayefanya kazi ya kusafirisha dawa kwenda zahanati za mbali, kwa sababu kionyeshi kinachotumia betri ndogo mno kinaweza kusafiri na kasha lenyewe hadi mwisho wa njia.

5. Kudumu ndiko kulikobakia

Jengo hukaa miaka 30 na zaidi. Simu hukaa michache. Hapo ndipo polima hizi zinapobanwa.

Maadui wake ni wanne, na hushirikiana. Wa kwanza ni oksijeni na unyevu vinavyopenya kupitia gundi ya kingo. Wa pili ni miale ya urujuanimno, yenye nguvu ya kuvunja vifungo vya kaboni. Wa tatu ni volti iliyozidi: polima ikinyang'anywa elektroni kupita kiasi, mnyororo hukatika na rangi hairudi tena. Wa nne ni kazi yenyewe, kwa kuwa kila ioni zikiingia polima huvimba kidogo na zikitoka husinyaa, na baada ya maelfu ya mizunguko ngozi huanza kubanduka. Joto huwatia nguvu wote wanne. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wanakemia, kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kasi ya mmenyuko huongezeka karibu mara 2, na kioo cha giza kilicho juani hupata moto kuliko hewa inayokizunguka.

Sekta hii kwa kawaida huzungumzia mizunguko 50,000 kama kipimo cha dirisha la jengo. Hiyo ni sawa na kubadili rangi mara 5 kwa siku kwa miaka 27. Kuna polima zinazofika mbali maabarani, zikiwa zimefungwa ndani ya gesi safi na kwenye joto la chumba. Chumba kile kwa kawaida kiko Ulaya, Marekani au Asia ya Mashariki.

Bei nayo haisamehe. Kampuni ya View ya Marekani, iliyotengeneza vioo erevu visivyo vya polima, ilipata mwaka 2018 uwekezaji wa dola bilioni 1.1 kutoka mfuko wa SoftBank, na mwaka 2024 ikaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika. Vioo vyao vilibadilika rangi. Hesabu ndiyo iliyokataa. Wenye polima wakijidai kuwa uchapaji wa bei rahisi pekee utawavusha, waitazame kesi hiyo kwanza, kwani polima ni sehemu ndogo ya gharama. Mpako, kioo, nyaya, vidhibiti na fundi wa kufunga ndivyo vinavyokula fedha.

Kwa hiyo ukanda huu unaingia wapi? Hauanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Uppsala katika utafiti wa tando nyembamba. Mwaka 2009 N. R. Mlyuka wa Dar es Salaam, pamoja na Gunnar Niklasson na Granqvist wa Uppsala, walichapisha kazi kuhusu oksidi ya vanadiamu. Dutu hiyo hubadilika kwa joto lenyewe bila waya, lakini kwa kawaida husubiri hadi nyuzi 68 za Selsiasi, joto lililo juu mno kwa dirisha. Walionyesha kwamba ikichanganywa na magnesiamu hubadilika katika joto la chini zaidi na pia hupitisha mwanga zaidi. Ni dutu tofauti na polima, ila vipimo ni vile vile: mwanga unaopita, mwanga unaorudishwa, idadi ya mizunguko. Watu wenye ujuzi huo wapo, na wamefundisha wengine.

Hatua inayofuata haihitaji kusubiri kiwanda. Inahitaji sampuli ndogo, za ukubwa wa kiganja, zilizofungwa kwa gundi za aina mbalimbali na kuwekwa kwa jozi juu ya mapaa. Nusu yake ielekee magharibi juani, nusu ikae kivulini, zote zikibadilishwa rangi na saa ya kielektroniki asubuhi na jioni. Seti moja iwe pwani, kwenye unyevu na chumvi ya bahari. Moja iwe Dodoma, kwenye ukavu. Moja Nairobi, kwenye kimo cha mita karibu 1,700, ambako urujuanimno ni mkali zaidi. Kila mwezi upimwe mwanga unaopita katika hali ya rangi na katika hali nyeupe, na matokeo yachapishwe yote, ya sampuli zilizokufa na zilizosalimika. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili akikabidhiwa mradi huo leo, baada ya mvua za masika mbili atakuwa na jedwali ambalo watengenezaji wa polima popote duniani watalihitaji, kwa sababu wao jua hili hawanalo.

Sambamba na hilo, polianilini iingie katika mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza wa shahada, kwa tahadhari zote za usalama. Wanafunzi wa kemia, fizikia na uhandisi wakutane mezani pamoja kwa mara moja, kama walivyokutana wale watatu wa Pennsylvania. Vifaa vingi vinavyohitajika vimo katika maabara zinazofanyia kazi seli za nishati ya jua, kikiwemo kioo chenye mpako unaopitisha umeme.

Ndugu Mwenyekiti, uwanja sasa ni wa maswali, na itapendeza wasanifu majengo wakianza.